Mali bila Daftari: Mtwara Yetu Tangu Vyama Vingi

UTANGULIZI



Kamati ya kitabu hiki iliponiomba niandike historia, niliuliza: historia ya kikundi au historia ya Mtwara? Mwenyekiti akanijibu, "Andika tu mwalimu, yote ni yale yale." Nilidhani ananitania. Lakini nilipokaa chini na madaftari yetu ya miaka 10 nikaona kasema kweli. Mwaka ambao korosho ilichelewa kulipwa, daftari linaonyesha. Mwaka ambao hofu iliingia mpakani Ruvuma, daftari linaonyesha pia: mbele ya majina ya wenzetu wanaofanya biashara Kilambo hisa zimeandikwa sifuri, sifuri, sifuri.

Kila Jumamosi kabla ya kufungua sanduku tunasema kwa pamoja ile methali ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba methali hiyo si ya sanduku peke yake. Vyama vingi tulivipata mwaka 1992, na tangu hapo tumepiga kura ya Rais mara 7. Lakini haki ya mwananchi kusimama na kusema "naomba nione hesabu", asigeuzwe adui, hiyo bado tunaitafuta. Tunaitafuta serikalini na, kama nitakavyosema mbele, tunaitafuta hata humu ndani mwetu.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tulizaliwa na kukua ndani ya chama kimoja. Mfumo huo uliwekwa kisheria mwaka 1965, na Februari 5, 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM. Kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, na akina mama walikuwa na UWT. Nisiwe mtovu wa shukrani: katika miaka ile mama zetu waliingia madarasa ya kisomo cha watu wazima, wakaweza kuandika majina yao, na shule na zahanati zilifika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kama si kisomo kile, nani leo angesoma daftari la kikundi?

Ila kuuliza kulikuwa kugumu. Chukua mfano wa korosho. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya kiasi cha tani 145,000. Ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa wakae pamoja, mikorosho ikabaki mbali porini. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi tu. Mama aliyeona mikorosho yake ikimezwa na vichaka, angemwuliza nani? Aliyemhamisha, aliyenunua korosho zake na aliyepokea malalamiko yake walikuwa mkono mmoja.

Wakati huohuo tulikuwa tunatazama ng'ambo ya mto. Ruvuma ni mpaka kwenye ramani, lakini kwetu ni mto wa kuvuka kwenda kumzika shangazi. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza vita vya ukombozi 1964, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975. Tulishangilia kama wao. Hawajapumua, vita vya FRELIMO na RENAMO vikawaka hadi 1992. Wakimbizi walivuka wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani, wakapokelewa huku.

Nasema haya kwa sababu mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi nzima ikiuliza wananchi wanataka chama kimoja au vingi. Karibu watu 8 kati ya 10 walisema chama kimoja kiendelee. Siku hizi vijana husoma habari hiyo wakacheka, eti wazee walikuwa waoga. Mie siwacheki. Mtu aliyekuwa amepokea wakimbizi nyumbani kwake alikuwa na sababu ya kuogopa neno "upinzani". Kwake lilikuwa na sauti ya risasi. Tume ilipima, ikashauri vyama vingi viruhusiwe hata hivyo, na sheria ikaanza kazi Julai 1, 1992. Oktoba 4 mwaka huohuo wenzetu wa ng'ambo wakatia saini mkataba wa amani mjini Roma. Wao wakapiga kura ya kwanza ya vyama vingi 1994, sisi 1995. Ni mapacha, wamezaliwa ukingo huu na ukingo ule.

MWANA WA KUSINI IKULU

Uchaguzi wa Oktoba 1995 Mtwara tuliupokea kwa namna yake. Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alishinda kwa asilimia 62 hivi ya kura, na Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi akapata karibu asilimia 28. Watu wa Kusini tuliozoea kuambiwa tunatoka mwisho wa dunia tulijiona nasi tumo.

Ambaye hakusafiri miaka ile hawezi kujua. Kwenda Dar es Salaam kwa barabara ilikuwa kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Masika ikichachamaa, basi linalala njiani, watu wanapika barabarani, nauli imekwisha, mgonjwa yumo ndani. Daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, likaitwa jina la Mkapa, wako wazee waliolia. Sifa hiyo hatumnyang'anyi, na alipofariki Julai 2020 tulimwombea.

Lakini mwana wa nyumbani kukaa Ikulu si sawa na wananchi kuweza kuiuliza Ikulu. Akina mama tulijifunza hilo mapema. Mwaka 1995 lilisajiliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, mwenyekiti wake akiwa Profesa Anna Tibaijuka. Halikuwa chini ya chama chochote. Kabla ya uchaguzi lilitaka wanawake wawapime wagombea kwa mambo yanayowahusu: maji, afya, ardhi, elimu ya watoto wa kike. Mwaka 1996 likasimamishwa, na 1997 likafutwa katika daftari la vyama, kwa maelezo kwamba lilikuwa linafanya kazi ya siasa. Viongozi wake walikwenda mahakamani.

Huku kwetu BAWATA wengi waliisikia redioni tu. Lakini funzo lilifika. Nakumbuka tulivyoambiana kwenye vikao vya upatu: changeni fedha, msichange maneno. Yaani mama akichanga kwa ajili ya harusi ni mtu mwema, akiuliza bomba la maji la kijiji limekwama wapi anakuwa mwanasiasa. Neno lile lilituziba midomo kwa miaka mingi.

Nisiseme hakuna lililopatikana. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, namba 4 na namba 5, zilitamka kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Viti maalumu vya wanawake bungeni viliongezwa. Mwaka 2010 Anna Makinda akawa Spika wa kwanza mwanamke, na Machi 19, 2021 Samia Suluhu Hassan akaapishwa kuwa Rais. Wasichana wetu wameona kwa macho. Hata hivyo mwanamke kukaa kitini ni jambo moja, na mwanamke wa Msimbati kujibiwa swali lake ni jambo jingine.

GESI: SWALI AMBALO LILISIKIKA VIBAYA

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20. Kuanzia 2006 na 2007 ndipo ikaanza kutupa umeme mjini. Kisha ikapatikana gesi nyingi zaidi huko kilindini baharini, na mji ukabadilika. Hoteli zikaota, viwanja vikapanda bei, kodi ya chumba ikapanda. Tukawa tunasalimiana "Mtwara kuchele!", kumekucha. Vijana wakaanza kusoma ufundi wakisubiri ajira.

Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete akazindua ujenzi wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500, kwa mkopo kutoka China. Desemba 27, 2012 watu wa Mtwara wakaandamana kwa amani, wengi sana, wa vyama vyote na wasio na chama, na akina mama wakiwemo. Januari 2013 mambo yakaharibika Mtwara na Masasi: majengo yakachomwa na watu wakafa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja akakaa na watu, akaeleza kwamba gesi itasafishwa hukuhuku mkoani kwanza. Kukatulia kidogo. Mei 22, 2013 bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na bomba likathibitishwa, ghasia zikalipuka tena. Jeshi likaingia mjini. Maduka yalifungwa, sokoni hamna mtu, usiku tulilala watoto wako chini ya vitanda.

Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba rasilimali ni ya taifa zima. Nakiri hoja hiyo ina uzito. Kama kila mkoa ungekalia chake, pamba ya Mwanza na kahawa ya Kilimanjaro zisingetusaidia sisi kujenga daraja. Lakini swali la watu wengi wa Mtwara halikuwa "kwa nini na wengine wapate?" Swali lilikuwa "sisi tunapata nini, na imeandikwa wapi?" Hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza ni choyo. La pili ndilo tunalouliza kila Jumamosi mbele ya sanduku. Likapokelewa kana kwamba ni la kwanza, waulizaji wakaitwa wachochezi, na wachomaji wa nyumba nao wakaliharibu zaidi. Maana ukichoma nyumba ya mtu hujauliza tena, umeshahukumu. Waliopoteza wazazi, watoto na mali miezi ile wangali nasi, baadhi yao wamo humu kikundini, na hawakuwa wa upande mmoja.

Bomba lilikamilika 2015, na mtambo wa kusafisha gesi upo Madimba. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa. Na Oktoba 2015 watu walijibu kwa karatasi: jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF, na Tandahimba vilevile. Hiyo ndiyo faida ya kura, unakasirika bila kuvunja kioo. Mwaka 2015 pia Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli, sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, na sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Sisemi zilikuja kwa ajili ya Mtwara peke yake. Nasema swali lililopigiwa mabomu ya machozi mwaka 2013 liliandikwa kwenye sheria mwaka 2015. Halikuwa swali la kichaa.

KOROSHO, KANGOMBA NA SANDUKU LETU

Sasa nije nyumbani. Kikundi chetu kilianza mwaka 2016, miezi michache baada ya uchaguzi ule. Upatu tulikuwa nao tangu enzi za bibi zetu: mnachanga, kijumbe anakusanya, anapewa mmoja, kesho mwingine. Hii ya sanduku, hisa na mikopo ni ndugu wa upatu. Asili ya mtindo wenyewe ni akina mama wa vijijini nchini Niger, mwaka 1991, kisha ukasambaa Afrika na kufika kwetu.

Shabaha yetu ya kwanza ilikuwa moja: kuvunja kangomba. Msomaji wa mbali huenda hajui. Mwezi wa Julai nyumba haina kitu, mtoto anadaiwa michango ya shule, na korosho bado ua. Anakuja mtu na fedha taslimu. Anakupa leo, utamlipa kwa kilo za korosho mwezi wa Oktoba, kwa bei aliyopanga yeye. Stakabadhi ghalani ilipoanza mwaka 2007 ilikusudiwa mkulima auze kwa mnada kupitia chama cha msingi, apate bei nzuri. Lakini mnada haumsaidii aliyekwisha kuuza Julai. Kwa hiyo tulisema: mama akope sandukuni Julai, alipe baada ya mnada, korosho ibaki yake. Ikafanya kazi. Msimu wa 2017/18 bei ya kilo ilifika shilingi 4,000 hivi, na mgao wetu wa mwaka ule mabati mengi yanaushuhudia.

Kisha ukaja msimu wa 2018/19. Katikati ya 2018 Bunge lilibadili sheria ya fedha, na sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao ikaingizwa Hazina. Wabunge wa Kusini walipiga kelele. Msimu ulipofunguliwa bei za mnada zikawa za chini, wakulima wakagoma kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi yakaja kusomba. Tulishangilia, nisidanganye. Lakini malipo yalikwenda kwa uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake, maana Serikali ilikuwa inawasaka wa kangomba. Wengine walilipwa upesi, wengine waliingia 2019 mikono mitupu.

Sanduku likakauka. Mikopo ya Julai haikurudi. Na hapa ndipo penye jambo ambalo kamati ilisita kuliandika, nikasema bila hilo mimi sitii kalamu.

Katika kikao kimoja mwanzoni mwa 2019 mwenzetu mmoja alisimama akasema: "Naomba katibu asome mikopo yote, jina kwa jina." Katibu nilikuwa mimi. Nilijua kuna mikopo miwili ilitolewa bila kupita kikaoni, kwa kuwa waliokopa walikuwa na shida ya kweli na viongozi tuliwaonea huruma. Haikuwa wizi. Lakini haikuwa imeandikwa mahali pake. Badala ya kusoma, nikasema wakati huu mgumu si wa kutiliana shaka. Mwingine akasema anavuruga umoja. Wa tatu akatamka neno lenyewe: mchochezi. Akina mama wote tukapiga makofi. Mwenzetu akachukua hisa zake, akaondoka.

Ilinichukua muda kuona tulichofanya. Sisi tulioumia kwa kuitwa wachochezi 2013, tulimwita mwenzetu jina lilelile, kwa swali lilelile. Wala hatukuwa na bunduki wala dola. Tulikuwa na daftari tu, na hilo nalo tulilifunga.

Mwaka uliofuata tulisoma hesabu zote hadharani na mikopo ile miwili ikalipwa. Tukaweka kanuni kwamba mwanachama yeyote akisema "soma", katibu anasoma, papo hapo, bila kuulizwa sababu. Wazee wawili walitumwa kwa mwenzetu kuomba radhi. Alipokea vizuri, akawakaribisha chai, lakini hakurudi. Yuko kikundi kingine. Nakala ya kitabu hiki tutampelekea.

MTO NA MIAKA YA KARIBUNI

Ng'ambo ya Ruvuma yale mapacha ya demokrasia yalipata homa kali. Oktoba 5, 2017 watu wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia, na vita ikaenea Cabo Delgado, mkoa ulio na gesi nyingi baharini kama wetu. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu huu, kilishambuliwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma. Sababu za vita ile ni nyingi, na mwenye kutaja moja tu anajidanganya. Lakini wengi walioichunguza wanataja pia vijana waliojiona hawamo katika hesabu ya mali ya kwao.

Nasi nchini tumepita pagumu. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika CHADEMA haimo kwenye karatasi ya kura na mwenyekiti wake akiwa mahabusu. Kukatokea maandamano katika miji, intaneti ikazimwa, na Watanzania wakapoteza maisha. Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Humu kikundini tunao wa CCM, wa CUF, wa ACT, wa CHADEMA na wasiotaka kusikia habari za chama, na tumekubaliana jambo moja: kila aliyekufa ana mama yake, na mama huyo ana haki ya kuuliza na kujibiwa.

HITIMISHO

Ndugu wanachama, tuna miaka 10 na tuna funguo tatu, kila mmoja kwa mtu wake. Tusiishie kwenye sanduku. Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji uitishwe kila miezi mitatu. Kampuni zinazofanya biashara kwetu hulipa ushuru wa huduma kutokana na mauzo, ambao huingia halmashauri. Twendeni kwenye mikutano hiyo tukiwa na kalamu. Tukae mbele. Tuulize kwa adabu: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi? Hayo ndiyo maneno matatu ya kila Jumamosi, hata mjukuu wangu wa miaka 6 anayajua.

Na siku mmoja wetu atakaposimama kuuliza, hapa au kule, tusimpigie makofi ya kumnyamazisha. Tumfungulie daftari.